Nani amehakiki mizani ya tovuti za umma?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mfanyabiashara yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anajua kwamba mizani haiaminiki kwa sababu tu ina sahani na mshale. Inaaminika kwa kuwa Wakala wa Vipimo umeikagua na kubandika stika yake. Mizani isiyohakikiwa ikikutwa dukani, mwenye duka ana kesi ya kujibu. Sheria ni hiyo hiyo kwa mchuuzi wa dagaa, kwa mnunuzi wa mahindi pale Makambako na kwa pampu ya kituo cha mafuta Mafinga.

Wiki hii safu hii inauliza swali linalofanana na hilo. Taasisi za umma sasa zinatuhudumia kwa tovuti, kwa kurasa za mitandao ya kijamii na kwa namba za simu. Je, nani anapima huduma hiyo, na mizani anayotumia imehakikiwa na nani?

Ndugu msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Siku hizi bei kikomo za mafuta, masharti ya kusafirisha mazao nje, usajili wa majina ya biashara na kalenda ya minada ya hatifungani hutangazwa kwanza mtandaoni. Mwenye Sh. milioni 1 aliyeko Iringa anaweza kushiriki mnada wa hatifungani za Serikali, lakini mjini kwake hakuna tawi la Benki Kuu. Tovuti ndiyo dirisha lake. Akichelewa kuona tarehe ya mnada, fedha zake zinabaki zimelala hadi mnada unaofuata.

KAUNTA NI LUMBESA

Fungua tovuti za halmashauri na mikoa, ambazo nyingi zilizinduliwa kwa pamoja mwaka 2017, kisha ushuke hadi chini kabisa ya ukurasa. Kwenye nyingi kati ya hizo utakuta kaunta ya watembeleaji: leo wangapi, wiki hii wangapi, tangu mwanzo wangapi. Taasisi inapotaka kuonyesha kwamba inafanya kazi mtandaoni, namba hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuitaja: wageni wameongezeka, basi huduma imeboreka.

Kwa maoni yangu namba hiyo ni lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba, kwa macho linaonekana kubwa, lakini hakuna aliyelipandisha kwenye mizani.

Tuliangalie gunia lenyewe. Mtu mmoja akifungua tovuti kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya ofisini mchana, kwa kawaida huhesabiwa kama watu wawili. Kompyuta za kampuni za utafutaji kama Google hupita kwenye tovuti usiku na mchana bila kuwa na haja na bei ya mahindi wala fomu ya leseni, na kaunta isiyowachuja wageni wa aina hiyo huwahesabu pia. Watumishi wa taasisi yenyewe wanaofungua ukurasa wao kila asubuhi nao wamo.

Upande wa pili, kaunta hiyo hiyo inapunja. Dalali mmoja akipiga picha jedwali la bei na kuliweka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa viazi, watu mia mbili wanaweza kulisoma, na kaunta imeandika mgeni mmoja. Mtangazaji wa redio ya mkoa akisoma bei hizo hewani, wilaya nzima imesikia, na kaunta bado inasema mmoja. Mizani inayozidisha kwa mteja mmoja na kupunja kwa mwingine ingekuwa ya sokoni, ingefungiwa siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema tupime muda ambao mgeni anakaa ndani ya tovuti. Hapo napo pana mtego. Msomaji wa habari ndefu akikaa dakika kumi, labda amefurahia. Lakini mwenye fuso aliyekuja kutafuta bei ya dizeli akikaa dakika kumi, huyo amepotea. Kwake huduma nzuri ni sekunde ishirini: ameona, ameondoka, amewasha gari. Kwa namba peke yake huwezi kumtofautisha na yule aliyekata tamaa baada ya sekunde ishirini. Lazima ujue alikuja kufanya nini na kama alikifanya.

BEI YA LINI?

Jambo hili nilifundishwa vizuri na mama mmoja muuza nyanya mjini Iringa kuliko nilivyofundishwa na mhadhiri yeyote nilipokuwa nasoma shahada ya biashara. Baada ya kuitikiana kamwene, nilimwonyesha kwenye simu yangu ukurasa wa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, wenye orodha ya bei za mazao. Nilikuwa najivunia simu yangu. Yeye akavaa miwani, akaangalia, akauliza neno moja tu:

"Mwanangu, hii bei ya lini?"

Juu ya ukurasa palikuwa na saa na tarehe ya siku ile, na sekunde zinakimbia. Nikamwambia ni ya leo. Akasema haiwezekani, kwa bei ile asingekuwa amekaa pale na matenga manne. Nilipofungua orodha yenyewe nikakuta ni ya msimu uliopita. Saa ya ukurasa ilikuwa ya leo, bei ilikuwa ya mwaka jana. Kwenye hesabu za ofisi ile, mimi na mama yule tulihesabiwa kuwa mgeni aliyehudumiwa.

Gharama ya kutojua bei si ya kufikirika. Mtafiti Robert Jensen alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wake kuhusu wavuvi wa jimbo la Kerala, India, wakati simu za mkononi zilipoingia pwani ile kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, wavuvi walitia nanga soko moja lililojaa samaki na kumwaga mzigo baharini, wakati soko la jirani halikuwa na samaki. Simu zilipofika, wakawa wanauliza bei kabla ya kutia nanga. Faida ya wavuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na samaki wa kutupwa wakakaribia kwisha. Bahari, mitumbwi na nyavu vilikuwa vile vile. Kilichoongezeka ni habari iliyofika kwa wakati.

Badala ya samaki weka nyanya za Ilula, ndizi za Rungwe au viazi vya Uyole, na utaona ni kitu gani kiko hatarini katika Nyanda za Juu Kusini. Bidhaa hizi hazingoji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa wa umma hadi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Kwa mwanasheria siku 30 ni muda wa kawaida. Kwa mwenye tenga la nyanya ni mitaji miwili au mitatu iliyooza.

MFANO MZURI UPO

Haki itendeke. Tunao mfano wa taasisi ya umma ambayo katika jambo moja imeelewa mteja wake ni nani. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, imekuwa ikitangaza bei kikomo za mafuta tangu mwaka 2009. Tangazo la mwezi hutoka Jumatano ya kwanza. Kila mwenye gari anaijua siku hiyo, kama mkulima anavyojua siku ya mnada.

Jedwali la EWURA haliishii kwenye bei ya Dar es Salaam. Linataja miji na wilaya, kwa sababu gharama ya kusafirisha mafuta hadi Mbeya si sawa na ya kuyafikisha Iringa, na bei kikomo inabeba tofauti hiyo. Mwenye lori Tukuyu anaona mstari wake, na wa Mafinga anaona wake. Tangazo linapatikana kwa Kiswahili. Zaidi ya yote, mtu mwenye kitochi kisicho na intaneti anaweza kupiga *152*00#, akafuata maelekezo na kupata bei bila malipo kwa mtandao wowote wa simu.

Kisha kuna hatua ya mwisho ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ni sehemu ya huduma ya mtandao: kituo cha mafuta kinatakiwa kuweka bango la bei linaloonekana wazi. Kwa hiyo mwananchi anaweza kulinganisha simu yake na bango papo hapo. Hapo ndipo ukweli wa tovuti unapimwa, barabarani.

Tulinganishe na bei za jumla za mazao ya chakula. Wizara ya Viwanda na Biashara kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya bei hizo kutoka mikoani na kuzitoa katika majedwali: mahindi, mchele, maharage, viazi mviringo na kadhalika, bei ya chini na bei ya juu kwa kilo 100. Ni kazi ya maana, na watafiti huitumia sana. Lakini majedwali hayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kama faili la kupakua, na mkoa mzima hupewa mstari mmoja. Mkulima wa Igurusi anauza mpunga kwa gunia ambalo halijapimwa. Akikuta bei ya kilo 100 za mchele ya "Mbeya", amebakiwa na hesabu tatu za kufanya mwenyewe: ya uzito, ya kukoboa na ya usafiri. Dalali amekwisha kuzifanya tangu jana.

Tofauti ya huduma hizi mbili haitokani na uzuri wa rangi wala picha za viongozi kwenye ukurasa wa mbele. Moja imeanza na swali la mteja, nyingine imeanza na ripoti ya ofisi.

SOMO LA KASUMULU

Mwezi Aprili 2025 wafanyabiashara wa ukanda huu walipata somo kali. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao kuingia nchini mwake, na Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza kuwa Tanzania nayo inazuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Onyo, zuio na kuondolewa kwake vilipita ndani ya muda mfupi kuliko safari ya lori la kwenda na kurudi Johannesburg.

Safu hii haijadili kama uamuzi ule ulikuwa sahihi au la. Inajadili njia ya habari. Tangazo lilienea kwanza kupitia akaunti ya waziri kwenye mtandao wa X. Mwenye mzigo njiani kuelekea mpaka wa Kasumulu, wilayani Kyela, alitegemea picha ya tangazo iliyorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, huku akijiuliza kama ni ya kweli, ni ya leo au ya juzi, na inahusu mzigo uliokwisha kulipiwa au unaofuata. Mwezi uliofuata, Mei 2025, mtandao huo wa X wenyewe ukazuiwa nchini. Aliyekuwa amezoea kuchungulia akaunti za viongozi kule, dirisha lake likafungwa.

Idadi ya watu waliosoma tangazo kama lile ni kubwa, bila shaka. Lakini kipimo cha haki kingekuwa hiki: kati ya wenye malori yaliyokuwa barabarani siku ile, wangapi walijua kwa uhakika la kufanya kabla ya kufika mpakani?

HESABU NDOGO

Tufanye hesabu ya mfano. Namba ni za kubuni, lakini kanuni ni ile ile ambayo mhasibu yeyote ataikubali.

Wakala A una wageni 10,000 kwa mwezi kwenye tovuti yake. Kati yao 1,000 walikuja kutafuta fomu fulani, na 300 wakaipata na kuijaza hadi mwisho. Wakala B una wageni 2,000 tu. Kati yao 900 walitafuta fomu, na 810 wakamaliza. Kwa kaunta, A anamshinda B mara tano. Kwa kazi iliyokamilika, B amehudumia asilimia 90 ya waliokuja na shida, na A asilimia 30.

Sasa wale 700 walioshindwa kwa A wameenda wapi? Hawakuacha shida yao mtandaoni. Wamepanda basi. Tuseme kila mmoja ametumia Sh. 10,000 kwa nauli ya kwenda na kurudi, kutoka Mufindi hadi Iringa mjini kwa mfano. Hiyo ni Sh. milioni 7 kwa mwezi, Sh. milioni 84 kwa mwaka, bado hatujahesabu siku ya kazi iliyopotea. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya Wakala A. Imelipwa na wateja. Ndiyo maana A anaweza kuandika kwa nia safi kabisa kwamba huduma za mtandao zimepunguza gharama.

Uingereza iliwahi kuliona tatizo hili, na kuzitaka huduma za Serikali za mtandaoni zipimwe kwa mambo manne: gharama ya kila huduma moja, kuridhika kwa mtumiaji, kiwango cha waliomaliza walichoanza, na sehemu ya watu wanaotumia mtandao badala ya kwenda ofisini. Angalia vizuri: idadi ya wageni haimo.

HATUNA FEDHA?

Najua jibu litakalotoka maofisini. Kipimo cha namna hiyo kinahitaji wataalamu, na ofisa wa kompyuta wa halmashauri ni huyo huyo anayetengeneza mashine ya kuchapishia na kupiga picha mikutano. Ni kweli, na sitamlaumu.

Lakini Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark ambaye amefanya kazi hii maisha yake yote, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwakalisha watu watano tu mbele ya tovuti, mmoja mmoja, na kuwapa kazi ya kufanya huku wewe ukitazama bila kuwasaidia, utagundua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano! Kwa Mbeya, ofisa anaweza kutembea hadi sokoni na kumaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Amwombe mama wa mchele, kijana wa vipuri, dereva wa fuso, mwenye duka la pembejeo na mwekezaji mdogo wa vipande vya UTT. Awape simu ya kawaida yenye bando la kawaida. Aseme: "Tafuteni bei ya leo," au "Tafuteni fomu hii." Kisha anyamaze na kuandika.

Wapo pia watakaosema kwamba wanaotumia mtandao ni wachache na redio bado ndiyo mfalme wa vijijini. Nakubaliana nao kuhusu redio. Lakini mtangazaji anapata wapi bei anazosoma? Dalali anapata wapi? Tovuti ikiwa na bei ya mwaka jana, kosa hilo linasambaa kwa kila njia. Ikiwa sahihi, faida yake inawafikia hata wasiojua neno intaneti.

STIKA YA HUDUMA

Pendekezo la safu hii ni fupi. Kila taasisi ya umma yenye tovuti ibandike chini ya ukurasa wake, pale pale ilipo kaunta, mambo manne. Kwanza, tarehe ambayo taarifa yenyewe ilibadilishwa mara ya mwisho, mbali na saa inayokimbia. Pili, kati ya kila watu kumi walioanza kazi fulani mwezi uliopita, wangapi waliimaliza. Tatu, siku ngapi kwa wastani zilipita kabla ya swali la mwananchi kujibiwa. Nne, namba ya kupiga kwa asiye na intaneti. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ilipewa nguvu zake na sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye nafasi ya kukagua namba hizo, kama Wakala wa Vipimo unavyokagua mizani.

Kwa upande wetu wafanyabiashara, tusingoje. Mfumo wa e-Mrejesho umewekwa ili tupeleke malalamiko na maoni serikalini. Tukikuta bei isiyo na tarehe, faili lisilofunguka kwenye simu au barua isiyojibiwa, tuandike. Tutaje ukurasa, siku, na hasara tuliyopata kwa shilingi. Malalamiko ya jumla kwamba "mtandao ni mbovu" hayamsaidii ofisa yeyote kurekebisha kitu. Malalamiko yenye tarehe na tarakimu yanamfikisha kwa mkubwa wake akiwa na hoja.

Nilimrudia yule mama wa Iringa wiki iliyopita. Matenga yalikuwa mawili, soko lilikuwa zuri. Nikamwonyesha tena ukurasa wa ofisi ile ile. Safari hii hakuuliza kitu. Alishuka moja kwa moja na kidole kutafuta tarehe, hakuiona, akanirudishia simu na kumgeukia mteja aliyekuwa anasubiri.